Shati Lako Tayari

9 Februari

Mwanangu,

Uwe mzima unaposoma haya, maana utahitaji nguvu. Sisi hapa tupo. Mzee Redio, huyu mume wangu, goti lake limerudia ugonjwa wake wa zamani. Nikimwambia ainuke akaze bomba la jikoni linalovuja, ananijibu nisubiri taarifa ya habari iishe, na taarifa yenyewe haiishi. Kitindamimba wangu amepata kazi kwenye duka la miwani na mteja wake wa kwanza nilikuwa mimi. Nina miwani mipya, mwanangu, naona mpaka vumbi la mwaka juzi. Na miwani hiyo ndiyo iliyoniponza.

Najua umekuwa ukinipigia simu. Sipokei makusudi. Kwenye simu nitalia, na mimi sitaki kulia, nataka kugomba. Kugomba vizuri kunataka karatasi.

Juzi jioni nilikaribisha watu. Nilijiona mkubwa, nikajisahau. Fundi saa wa chini alikuja na mkewe, wakaja na wale wapangaji wapya, nikawaambia katuni ya kitabu changu cha picha leo inafika kwenye kipindi chenyewe, leo mtaona kwa nini kitabu changu kimesomwa mpaka kikachanika. Wakakaa. Mzee Redio akazima redio, jambo ambalo halikutokea hata siku ya harusi yetu.

Sasa tukumbushane, maana nahisi huko studio mmesahau kusoma. *Chumba cha Cherehani*, kitabu cha tatu, kurasa za mwisho. Mume amerudi baada ya miaka aliyokaa kwa mwanamke mwingine. Mke ni fundi cherehani, mgonjwa, yuko kitandani. Jana yake mume alikuja na shati jeupe lisilo na kifungo cha kifuani, na mke alimwambia neno moja tu: "Liache." Leo amelifuata. Anakaa ukingoni mwa kitanda anaomba msamaha, anaomba, anaomba, kurasa sita nzima. Mke anashona kifungo. Uso wake hatuuoni. Tunaona mgongo, na kiwiko kinachopanda na kushuka. Mume akiishiwa na maneno, mke anakata uzi kwa meno, anampa, anasema, "Shati lako tayari." Kisha anageukia ukutani. Basi. Hakuna kingine.

Na nyinyi mkafanya nini? Mmemgeuza akatutazama! Mmempa machozi makubwa kama punje za mahindi! Shati likaanguka chini, chini kabisa, sakafuni, vinanda vikaanza kulia, mikono ikashikana, naye akasema, "Nilikusamehe zamani." Na yale maua yaliyoingia dirishani yametoka wapi? Ghorofa ya tatu, mtaa wa gereji! Mke wa fundi saa alijifuta macho akaniambia, "Dada, kweli wewe una roho laini." Nusura nimtoe nje.

Wasomaji wanaijua hadithi. Lakini ni mimi, wewe na baba yako tu tunaojua yule aliye kitandani ni nani. Ni dada yangu. Ni mama yako. Dada yangu hakuwahi kuangusha shati la mtu sakafuni, hata la mteja asiyelipa. Na hakumsamehe. Alikufa na hasira yake, na ile hasira ilikuwa mali yake, hakuiacha kwa mtu aigawe. Mimi niliichora ilivyo ili asije mtu siku moja akampaka sukari. Sasa amepakwa, mbele ya dunia nzima, na jina langu liko pale juu kwa herufi kubwa.

Nataka jina la aliyeamua. Usiniambie "studio". Studio haina mkono.

Mama yako mdogo


3 Machi

Mama Mdogo, shikamoo.

Pole na bomba, na umpe pole baba mdogo kwa goti. Umwambie na kijana wa miwani hongera. Mimi sijambo. Kazi imetubana, tunakula hapo hapo kwenye meza za kuchorea, na wiki iliyopita mwenzangu alimwagia supu anga ya kipindi cha kumi na moja, ikabidi machweo yote yachorwe upya. Baba yuko nami tangu Novemba, nadhani nilikuambia. Macho yanamsumbua kidogo. Anakusalimu.

Kuhusu lile tukio, nimekuelewa, kweli nimekuelewa. Lakini anime, katuni ya runinga, si kitabu. Msomaji anaweza kukaa na mgongo wa mtu muda anaotaka. Mtazamaji ukimpa mgongo anadhani runinga imekwama. Na maamuzi kama haya hupita vikaoni, yanapita mikono mingi, kila mtu anasogeza kidogo, mwishoni huwezi kusema ni ya nani. Kwa hiyo jina siwezi kukupa.

Watu wamelia, Mama Mdogo. Kuna mzee ametuandikia kwamba baada ya kutazama alimpigia ndugu yake aliyekosana naye. Hilo nalo si kitu?

Kampuni iko tayari kuanza msimu wa pili. Inangoja saini yako tu. Nakuomba usiwaadhibu watu wote kwa hili. Hasira hasara, wewe ndiye uliyenifundisha.

Mwanao


21 Machi

Mwanangu,

Hatujambo. Bomba linavuja. Salamu zimeisha.

Hukuniambia kwamba baba yako yuko kwako. Usiniletee "nadhani". Ungeniambia ningekumbuka, maana ningevunja sahani. Na salamu zake sizipokei, zirudishe zilikotoka. Jumapili zile alipokuwa anakuja kukuona nilimkomesha mlangoni. Sikumpa kiti ndani ya nyumba yangu na sitampa kiti ndani ya barua.

Mikono mingi, eti. Sikiliza basi habari ya mkono.

Kitindamimba aliniwekea kile kipindi tena. Nikamwambia simamisha hapo mikono inaposhikana. Nikavaa miwani, nikasogea mpaka pua ikagusa kioo, na Mzee Redio akauliza kama natafuta redio ndani ya runinga. Nikaliona dole gumba.

Wachoraji wengine huanza na kiganja, wakaongeza vidole vinne, na dole gumba wakalibandika mwishoni kama mkia. Mimi huanza na dole gumba. Naanza nalo kwa sababu dada yangu alikuwa fundi, na gumba lake ndilo lililofanya kazi. Vidole vingine vilimsindikiza. Ndiyo maana mikono yangu ina gumba kubwa kidogo, limepinda kwa nje, na wachapishaji walinicheka miaka. Sikumfundisha mtu mwingine. Nilikufundisha wewe, kwenye meza ya jikoni, mwaka ule uliokuja kwangu baada ya mazishi, ulipokuwa huongei na mtu. Nilikuwa nakuambia, gumba kwanza, mengine yatafuata.

Kikulacho ki nguoni mwako! Nimemtukana yule mwongozaji wenu mwenye kofia mwezi mzima, nimemtukana na kofia yake, maskini wa Mungu, kumbe mchoraji ni mtoto niliyemlea. Umechukua mkono niliokufundisha ukamshikisha mama yako mkono ambao hakuushika!

Nimeshaiandikia kampuni. Hakuna msimu wa pili. Hakuna, na wasinitumie maua wala mwanasheria. Nitabadilisha mawazo siku utakaponiambia kwa nini. Na iwe kwa nini ya kwako, si ya vikao.

Mama yako mdogo, ambaye bado ana macho


30 Aprili

Mama Mdogo, shikamoo.

Nimechelewa kwa sababu nimeandika barua nyingine nikazichana. Hii nayo ningeichana lakini nimechoka.

Ni mimi. Nilichora mimi, na aliyetaka libadilishwe ni mimi pia. Mwongozaji alitaka kufuata kitabu, mgongo na kiwiko vilevile. Niliinuka kikaoni nikasema mwandishi ni mama yangu mdogo, amenilea, namjua, atakubali. Wakaniamini. Umepata jina ulilolitaka.

Sasa na mimi nikuulize. Wewe ulipomchora mama, ulimwomba ruhusa nani?

Siku ile nilikuwa shuleni. Niliporudi niliambiwa mama anapumzika, na wiki haikuisha akafariki. Hakuna aliyeniambia kilichotokea chumbani. Nikiwa na miaka kumi na minne kitabu cha tatu kikatoka, darasa zima likakinunua, na mimi nikanunua kwa sababu nilikuwa najivunia wewe. Nikakisoma chini ya dawati. Nikafika kwenye shati jeupe. Nililijua lile shati, Mama Mdogo. Nilikijua kile kitanda, nililijua lile pazia. Nikajua mama yangu alivyomalizana na baba yangu, nikajulia darasani, pamoja na kila mtu. Msichana aliyekaa nyuma yangu akasema, "Huyu mwanamke ana roho mbaya!" Wakacheka. Nikacheka nao. Nikarudi nyumbani nikakukuta unachemsha chai, ukaniuliza leo mmejifunza nini.

Unasema ile hasira ilikuwa mali yake. Mbona uliiuza?

Wewe ulipata pa kuiweka hasira yako. Uliichapisha, ukapewa na tuzo. Mimi niliambiwa nichore dole gumba.

Unataka kwa nini ya kwangu, hii hapa. Baba anapofuka. Si "kidogo" kama nilivyokuandikia. Jicho la kulia limekwisha, na la kushoto daktari haliahidi mwaka. Hakuwahi kukisoma kitabu chako. Ukikitaja anainuka anakwenda kunawa mikono. Nilitaka kabla giza halijamfikia aone mara moja, kwa rangi, mama akimpa mkono. Nilijua ni uongo. Niliuchora vizuri kadiri nilivyoweza, picha kwa picha, wenzangu wakienda kulala. Na mpaka leo sijathubutu kumwonyesha.

Nimekasirika nawe. Nilidhani nikiandika itapungua, haijapungua.

Msimu wa pili usipokuwepo, wenzangu wataniuliza mimi. Sawa, nitawajibu.

Mwanao


12 Julai

Mama Mdogo, shikamoo.

Sijapata neno kutoka kwako. Nimemuuliza kijana wa miwani kwa simu, anasema uko mzima lakini ukiulizwa habari zangu unaosha vyombo vilivyo safi. Barua yangu ya Aprili ilifika?

Baba anakusalimu. Nisamehe, ananiambia niandike na mimi naandika.

Mwanao


20 Julai

Mwanangu,

Ilifika.

Bomba limepona. Nimelikaza mwenyewe.

Mama yako mdogo


24 Agosti

Mama Mdogo, shikamoo, na hongera kwa bomba.

Nina jambo na sijui nianzie wapi, basi naanzia kwenye kiti. Jumamosi nilisogeza kiti cha baba karibu na skrini, nikamweka kwa upande wa jicho lake ambalo bado linaona, nikamwambia, baba, leo utatazama kazi yangu. Akauliza, "Ile?" Nikasema ile. Akafunga vifungo vya sweta yake mpaka shingoni, kama mtu anayekwenda kuonana na mkuu wake wa kazi.

Alitazama vizuri tu. Alicheka paka alipoiba kipande cha kitambaa. Ikafika pale, mama akaangusha shati. Mimi nikawa simtazami mama, namtazama yeye. Nilikuwa nimeingoja sura ile zaidi ya mwaka.

Akasema, "Zima."

Nikadhani machozi yamemzidi. Nikamwambia, "Baba, bado kidogo, sasa hivi atasema..."

"Nimesema zima!"

Unamjua baba. Mtu asiyepaza sauti hata akikanyagwa. Aliinuka akajigonga kwenye meza. "Nani kamfanya mke wangu hivi? Nani huyu kamliza? Mimi nilisema maneno yote niliyokuwa nayo duniani na hakulia. Nyinyi mmempa nini hata akalia?"

Nikamwambia, "Ni mimi, baba. Nilikuchorea wewe."

"Basi umeninyang'anya," akasema. "Ulikuwa na hicho kimoja tu cha kuninyang'anya, ukakipata."

Akaingia chumbani. Nikasikia anaburuta sanduku. Akarudi na shati, Mama Mdogo. Shati lenyewe. Sikujua kama bado lipo. Kola imekatika, makwapani limegeuka manjano. Akalitandaza mezani chini ya taa, akanishika mkono, akaweka kidole changu juu ya kifungo cha kifuani.

Kimeshonwa kwa uzi mwekundu.

Shati ni jeupe. Vifungo vingine vyote vina uzi mweupe, na vingine si vya mwanzo, vimekwisha kutoka vikabadilishwa. Hicho kimoja kina uzi mwekundu, umepitishwa na kuzungushwa mpaka kifungo kimesimama kama kimeota mguu. Hakijalegea mpaka leo.

"Mama yako hakukosea uzi maishani mwake," akasema. "Alikuwa analinganisha weupe na weupe dirishani, nikimcheka. Nililivaa siku ya mazishi, watu wakaona, wakanong'ona, maskini, alishona akiwa hajiwezi. Mimi nilijua alijiweza. Jumapili nilipokuja kukuona nilikuwa nalo chini ya sweta."

Nikakumbuka ile sweta. Hata siku za jua kali. Mimi na wewe tulikuwa tunaicheka.

Nikamuuliza, "Na ule uzi ulikuambia nini?"

"Kwamba hakunisamehe," akasema. "Na kwamba hakutaka nitembee kifua wazi. Hilo ndilo jibu nililopewa. Nimeishi nalo, nimelizoea, ni langu. Wewe umeniletea maua."

Kisha akaniomba kitabu chako. Alikisoma pua ikiwa kwenye karatasi, siku mbili, hataki nimsomee. Alipofika kwenye ule mgongo alikaa nao muda mrefu. Akasema, "Shemeji alikuwa mlangoni. Ameona vizuri. Ila uzi hakuuona."

Nimekasirika tena, safari hii nimejikasirikia mimi. Nilimwonea huruma mtu ambaye hakuniomba huruma, na nikamfanya mama mjinga ili nimfurahishe. Jumatatu nilikwenda kwa mwongozaji nikamwambia kwamba nilidanganya kikaoni, hukuwahi kukubali chochote. Akaivua kofia, sijawahi kumwona bila kofia, ana kipara. Akasema kabla diski za kuuza hazijatoka huwa tunachora upya yaliyoharibika, na hili limeharibika. Lakini safari hii anataka neno la mwandishi kwa mkono wa mwandishi.

Nataka kurudisha mgongo wako. Na nataka kuongeza uzi. Kitabu chako ni wino mweusi, wekundu haukuwa na pa kukaa. Kwetu rangi ipo. Safari hii naomba ruhusa, Mama Mdogo. Niambie ndiyo au hapana, nitaifuata.

Baba anakusalimu. Najua huzipokei. Nimefikisha tu.

Mwanao


9 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Hatujambo. Goti la Mzee Redio limepoa na sasa anatembea na redio yake mfukoni, kwa hiyo taarifa ya habari inanifuata mpaka bafuni. Kitindamimba anataka kunibadilishia miwani. Nimemwambia aniache, hii inaona kupita kiasi.

Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa, kisha nikamfokea Mzee Redio bila kosa lolote. Nina hasira, na kwa mara ya kwanza sijui niipeleke kwa nani.

Asubuhi ile dada aliniomba uzi mwekundu. Aliniomba mimi! Nilikuwa nimeshika beseni la maji ya kumwogeshea, akaniambia niletee rili ya uzi mwekundu, iko kwenye droo ya cherehani. Nikamgombeza. Sketi yako ya shule ilikuwa nyekundu na pindo lilikuwa limefumuka, nikadhani ni hilo. Nikamwambia sketi ya mtoto itangoja, wewe pumzika. Akasema, "Lete." Nikampa, nikaenda kuchemsha maji mengine. Baada ya mazishi nikaikuta sketi haijaguswa, nikaishona mimi, nikalia juu yake, nikisema dada wa watu hakuwahi. Kumbe aliwahi alichotaka kuwahi.

Ule mgongo nimesifiwa nao maisha yangu yote. Waliandika magazetini kwamba ni ujasiri wa mchoraji kuficha uso. Ujasiri gani! Nilikuwa mlangoni na beseni, nilichora mgongo kwa sababu mgongo ndio nilioupata. Na siku ya mazishi nilijiapiza nisimtazame baba yako, nikatimiza. Nilimwangalia viatu. Naweza kukuchorea vile viatu sasa hivi, kamba kwa kamba. Mtu amesimama mbele yangu, jibu la dada yangu liko kifuani kwake, mimi naangalia viatu!

Halafu nikajitangaza kuwa ndiye ninayemjua. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni.

Na lile ulilonitupia mwezi wa Aprili. Liliniuma, ndiyo maana ulinisikia kimya. Niliosha vyombo miezi mitatu nikitafuta cha kukujibu. Sikukipata. Mama alikuwa wako kabla hajawa wa kitabu, na chai ile ningeiacha imwagike, nikakaa chini nikakuuliza. Huyo msichana aliyekaa nyuma yako mwambie nimesema roho mbaya ni ya mama yake. Najua amekwisha kuwa mtu mzima. Mwambie hivyo hivyo.

Ruhusa unayo. Mwonyeshe yule kipara barua hii, ni mkono wangu. Lakini shika maneno yangu. Muziki sitaki, hata wa mbali, hata wa jirani. Nataka nisikie sindano. Mgongo ubaki mgongo, usimgeuze, hata uombwe na nani. Uzi uonekane pale anapomkabidhi shati, uonekane kisha upite. Atakayeuona atauona, asiyeuona atakuwa kama mimi. Nikiona ua, hata moja, nitafunga safari nije huko na fagio. Na mkono unaokabidhi, gumba kwanza.

Saini ya msimu wa pili nimeipeleka posta jana. Wasinishukuru, nitabadilisha mawazo.

Baada ya kusoma barua yako nilikwenda kwenye ile droo. Cherehani ninayo mimi, unajua, haijashona tangu wakati huo. Rili bado ipo. Nimekukatia kipande, kiko ndani ya bahasha kwenye karatasi iliyokunjwa. Usichague rangi kwa kukisia. Si nyekundu ya nyanya, wala ya damu, na kwenye kiza inaonekana kama kahawia, labda ndiyo maana haikunifikia mlangoni. Linganisha dirishani, mchana, kama alivyokuwa anafanya mwenyewe.

Kuhusu baba yako. Sijamsamehe, na usinisukume. Dada mwenyewe angeniuliza haraka ya nini.

Ila kipande nilichokata ni kirefu kuliko unachohitaji kwa rangi. Kinachobaki mpe. Umesema kola imekatika.

Mama yako mdogo